Suruali Yangu ya Heshima na Ndege wa Marie-Thérèse

Lubumbashi, Kamalondo
Mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha

Kwa Baba Padri Elisée, Paroko wetu,

Nakusalimu kwa heshima yote anayostahili paroko, na kwa uchungu wote wa mtu aliyekatiwa suruali.

Mimi ni Liévin Mwelwa, muumini wako wa benchi la mbele upande wa kushoto, yule anayekohoa wakati wa mahubiri. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga akifuata kazi ya reli, na mimi nikaifuata kazi ya baba, nikapunga bendera kituoni mpaka nilipostaafu. Sijawahi kukusumbua kwa barua. Hata paa la kanisa lilipovuja juu ya kichwa changu siku ya Pasaka, nilinyamaza nikasogea.

Lakini Jumapili ile ulisimama altareni ukatangaza kwamba kila jumuiya itengeneze mapambo ya Noeli kwa kushona, na maneno yako yalikuwa haya: «Bamama, musinunue kintu. Mutumie tu bitambaa biko mu nyumba.» Baba Padri, hukusema vitambaa vya nani. Mke wangu Marie-Thérèse alisikia sauti ya Mungu. Mimi nilisikia mkasi.

Malalamiko yangu nimeyapigia namba ili usichoke.

1. Kuhusu bendera.

Kila alasiri wamama wa jumuiya wanakusanyika sebuleni kwangu, wakiongozwa na Mama Chileshe, jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wanashona ndege, nyota na mioyo ya vitambaa, wanavijaza pamba, wanavitia uzi wa kutundikia. Mimi nimehamia kwenye kigoda karibu na ndoo.

Katika sanduku langu nilikuwa nimehifadhi bendera zangu za kazi, nyekundu na ya kijani. Ile nyekundu, Baba Padri, ilisimamisha treni zilizojaa shaba. Leo ni kilemba cha jogoo. Ya kijani imekuwa mabawa ya kasuku. Nilipouliza kwa upole, Mama Chileshe alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano: «Papa Liévin, weye uko retraité. Bendera nayo iko retraitée.»

Yaani mimi nimestaafu, na bendera nayo imestaafu. Nikarudi kwenye kigoda changu.

2. Kuhusu vitafunio.

Utaniuliza kwa nini sikupiga kelele mapema. Nilijaribu. Kila nikifungua mdomo, Marie-Thérèse ananiletea sahani: vitumbula vya moto, kashata za karanga, kipande cha kikanda cha mizizi na karanga, chenye pilipili, na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliopoa vizuri. Hakuna mtu anayeweza kulalamika kwa sauti ya mamlaka huku mashavu yamejaa. Naamini ni mpango.

Siku moja niliikataa sahani. Nilisimama mlangoni nikasema: «Leo sitakula kintu mpaka mutaniambia mto yangu ya kulalia iko wapi!» Maana ile pamba waliyokuwa wakiijaza ndani ya nyota nilianza kuitilia shaka. Wamama wakaacha sindano. Wakatazamana. Kisha Mama Chileshe akafunua sufuria.

Vilikuwa vitumbula vya ndizi, Baba Padri. Mto sijauona tena.

3. Kuhusu suruali. Hapa naomba uketi.

Binti yetu wa mwisho, Tracy, amependana na kijana Jephté, wakala wa forodha kule Kasumbalesa, mtu mtulivu ambaye foleni ya malori imemfundisha kungoja. Watu wa kwao wako Kasomeno. Walituma habari kwamba wanakuja kuposa, na kwamba wanakuja na Kambo Nkandu, bibi yake Jephté, ambaye katika ukoo ule neno lake ndilo la mwisho. Tulikuwa tumesikia kwamba aliwahi kuikataa familia nzima kwa sababu baba wa msichana alipiga miayo mbele yake. Siku yao ilipofika, Tracy hakuwa amekula kitu tangu asubuhi. Alikuwa akifuta kiti kimoja, anarudi anakifuta tena.

Mimi nilivaa suruali yangu ya heshima, ya kijivu, iliyoshonwa kwa sherehe yangu ya kustaafu. Ile nyingine ilikuwa kwenye kamba, mvua inainyeshea. Wageni walikuwa wameshaanza kubisha getini nilipohisi upepo mahali ambapo mzee hapaswi kuhisi upepo. Nikapeleka mkono nyuma. Kwenye makalio palikuwa na dirisha, Baba Padri. Na halikuwa dirisha la ovyo. Lilikuwa na kichwa, mdomo, bawa na mkia.

Nikamwita mke wangu chumbani. Alipoona alijishika kinywa.

«Nilizania ile njo suruali ya zamani!»

«Ya zamani njo hii! Ya mupya haiko!»

Alifikiri kidogo, huku nje sauti zikisema hodi. Kisha akanishika mabega akanigeuza kuelekea mlangoni. «Basi usibapatie bageni mugongo,» akasema. «Hata kidogo.»

Nilitii. Niliwapokea getini uso kwa uso, nikawaongoza mpaka sebuleni nikitembea kinyumenyume, nikitabasamu, nikipapasa ukuta. Nilimkanyaga paka. Nilipokwenda kuchukua munkoyo jikoni nilirudi nyuma hivyo hivyo, nikainama kidogo kila hatua ili ionekane ni adabu. Nilipoangusha kijiko nilikiacha pale pale, na mpaka wageni walipoondoka hakuna aliyethubutu kukiokota mbele yangu. Tracy alikuwa amepauka kama unga wa bukari.

Kambo Nkandu alikunywa taratibu. Alinitazama tu, kwa macho madogo makali. Mwisho akaweka kikombe chini, akainua mkono.

«Niliona bazee bengi,» akasema. «Bananipatia mugongo kama miye niko mbuzi. Huyu, hata kwenda ku cuisine, hapatie bageni mugongo. Heshima ya hivi nilizania ilikufa. Mutoto wetu aoe hapa.»

Wamama walipiga vigelegele. Tracy alilia. Nami nilikaribia kulia, ila nilikuwa nimejibana ukutani.

Tungeishia hapo ningesamehe. Lakini Kambo Nkandu akaona ndege waliotundikwa dirishani. Akawapita jogoo na kasuku, akamchagua mmoja wa kijivu, akamweka shavuni, akafumba macho.

«Kitambaa ya huyu iko laini! Ilitokea wapi?»

«Iko ya Papa Liévin,» akajibu mke wangu haraka. «Alitoa na roho yote.»

Kambo Nkandu akambusu yule ndege. Akamfunga kifuani kwa pini, akaondoka naye. Ndege yule ninamjua, Baba Padri. Nimemkalia misani, msibani na katika harusi za watoto wa watu.

4. Kuhusu matokeo, ambayo sasa yanakugusa wewe mwenyewe.

Habari ya heshima yangu imesambaa Kasomeno nzima. Jephté, akitaka kuwa mkwe anayestahili, alikuja kutusalimu Jumamosi na alipoaga akatoka kinyumenyume kutoka mlangoni mpaka barabarani, akaangukia mtaroni na shati lake jeupe. Alisimama amejaa tope, amefurahi. Watoto wa mtaa sasa wanatumwa dukani na kwenda vile vile, mbele nyuma, na mikate inaanguka.

Na juzi wakwe wametuma ombi: siku ya harusi, upande wetu wote uingie kanisani kwa desturi ya Papa Liévin. Yaani kanisani kwako. Tutaingia tumempa Mungu mgongo na Kambo Nkandu uso. Nikieleza ukweli, Tracy atapoteza mchumba, na yule bibi mwema atajua amefunga nini kifuani. Nikinyamaza, utaona ukoo mzima wa Mwelwa ukigonga altare kwa visigino. Nimekosa usingizi, na si kwa sababu ya mto tu.

5. Hili nilikuwa nalo wakati naanza barua. Marie-Thérèse ameleta kashata, limenitoka.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu: kwanza, mikasi yote ya parokia ikusanywe, iwekwe sakristia chini ya ufunguo. Pili, utoe mahubiri kuhusu Adamu na Eva, uwakumbushe wamama kwamba Mungu mwenyewe aliwashonea mavazi ya ngozi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba baadaye aliyakata. Tatu, uandike kwa mkono wako kwamba Kanisa haliruhusu harusi ya kinyumenyume, ili lawama iende Roma na isibaki kwangu.

Msalimie katekista, wasalimie waimbaji na hasa yule wa sauti nzito anayewahi kuanza kabla ya wengine, na mama anayekupikia. Watu wa hapa kwangu wote wazima, isipokuwa paka, ambaye ananikwepa.

Ni mimi mwanao katika imani, ninayeandika nikiwa nimeketi,

Liévin Mwelwa

N.B. Barua hii imechelewa. Nilikuwa natafuta bahasha, ndipo habari ikaja kwamba Mama Chileshe ameugua jino na hawezi kushona. Marie-Thérèse akaniomba nishike kitambaa kidogo tu. Halafu akaniomba nishike sindano. Baba Padri, nimeshona tausi. Kichwa nilikirudia mara nyingi, lakini sasa kimesimama, na macho ni vifungo vya koti langu, nimevikata mwenyewe. Mama Chileshe aliletewa tausi huyo amwone akiwa kitandani, akasahau jino. Jumuiya za jirani hazina kitu kama hicho, na naomba usiwaambie.

Mikasi iacheni kwanza. Na habari ya Roma isubiri.

Kilichobaki ni mkia, na kitambaa cha zambarau hatuna popote mtaani. Nimekumbuka lile vazi lako la misa la zambarau. Najua Majilio yamefika na utalihitaji, lakini nimefikiri vizuri: misa yote unasoma ukitutazama sisi, mgongo wako hatuuoni. Tunataka kipande kidogo tu, cha nyuma. Nitapita kesho baada ya misa ya asubuhi, na mkasi ninao.