Chanjo kwa Migomba ya Matanga Yangu

Jumatatu, 3 Machi 2014. Bwera.
Daktari asema moyo umechoka. Vema, tupange matanga. Migomba yangu itawalisha waombolezaji wote. Sitaki wale matoke ya jirani yangu Tefiro, kisha warudi kwao wakimsifu yeye! Lakini kando ya mtaro shina moja limenyauka. Mnyauko wa bakteria. Naungama: nimeuogopa kuliko kifo.

Alhamisi, 6 Machi.
Redioni msomi mmoja alieleza kwamba vimelea huua mimea kwa protini zenye sumu, na kwamba wenzake wanatafuta namna ya kuzizima protini hizo. Nikasinzia kitini. Nikaziona: ndogo, zinameremeta kama umande, zinashuka na ukungu kutoka milimani, kila moja na ufunguo wake, zikijaribu milango ya migomba yangu. Nikaamka na wazo. Chanjo! Protini ikichemshwa hupoteza umbo na ukali. Mgomba ukionjeshwa, utamjua adui. Najua, mimea haina kingamwili. Nilifundisha hivyo mpaka nikastaafu. Lakini nani aliwahi kuiuliza migomba?

Jumamosi, 8 Machi.
Binti yangu Kabugho alikwenda sokoni Mpondwe. Nikakata shina gonjwa kwa kisu, nikakamua usaha wake wa njano, nikauchemsha katika sufuria ya maharagwe. Ulipopoa, nikachukua kisu kilekile, nikachanja kila mgomba na kutia kijiko kimoja. Manyunyu yakaanza, majani yakanong'ona. Nilidhani yananishukuru. Tefiro alichungulia juu ya ua, akauliza kama nimeanza kubatiza. Nikamjibu kwamba sayansi haina dhehebu. Kabugho aliporudi alitaka kujua sufuria yake inanuka nini. Nikasema dawa ya moyo. Si uongo kabisa.

Jumanne, 25 Machi.
Majani ya njano. Shamba zima! Kabugho analia jikoni. Tefiro alikuja, akachuchumaa, akakagua michanjo yangu mmoja mmoja.
"Mwalimu, ile maji ulipika. Na kisu, ulipika?"
Nikakohoa. Kikohozi cha mgonjwa huheshimiwa.

Ijumaa, 28 Machi.
Wanawe Tefiro wameng'oa kila shina na kulifukia. Kiti changu sasa chatazama uwanja mtupu, ukungu unapita bila kubisha hodi. Jioni Tefiro alikaa nami. Kisha akasema bila kejeli:
"Musiogope, Mwalimu. Siku yenu ikifika, batu batakula mu shamba yangu. Yote iko yenu."
Nikamshika mkono. Machozi yalinitoka. Mtu mwema, nami nilimdharau maisha yangu yote.

Jumapili, 30 Machi.
Nimeota waombolezaji wangu wanaelea juu ya Rwenzori, kila mmoja na sahani tupu. Nimeamka na kuelewa. Chakula cha matanga yangu sasa ki shambani kwa Tefiro, na shamba lile halina kinga yoyote! Siwezi kumlipa wema kwa uzembe. Kosa la mara ya kwanza nimeligundua: kijiko kimoja kilikuwa kidogo mno. Leo vitatu. Dawa nilibakiza katika chupa. Kisu nimekinoa. Kwaya imeanza kanisani, na Tefiro ndiye besi pekee, hawezi kutoka. Atanishukuru mbele ya jeneza.