Udongo wa Fedha Waingia Kijiweni

Waziri alifika kijiweni asubuhi simu ikiwa juu, anaipunga. Waziri ni jina tu. Hajawahi kuteuliwa hata kwenye kamati ya harusi.

"Jamani, umaskini kwisha! Kuna udongo wa fedha!"

Kinyozi, ambaye benchi letu liko mlangoni kwake, akaacha kichwa cha mteja nusu. "Unachimbwa wapi? Nibebe jembe?"

"Fedha ya pete, siyo ya noti! Ni ungaunga wa fedha, umechanganywa na gundi na maji. Unaukanda, unaufinyanga, ukikauka unautia motoni. Gundi inaungua, inabaki pete."

"Acha fiksi!"

"Fiksi? Muulize Koleo. Bintiye ndiyo kazi yake siku hizi."

Tukamgeukia Koleo, sonara wetu. Alikaa pembeni, kikombe mkono wa kushoto, wa kulia kauzamisha mfukoni. Binti yake anaolewa kesho, na pete ya bwana harusi kaifinyanga mwenyewe, tena mle mle kwenye karakana ya baba. Tangu hapo hawasemeshani.

"Kinachofinyangwa ni chungu!" Koleo akafoka. "Pete inafuliwa! Unayeyusha, unamimina, unagonga, unalehemu, unapiga tupa mpaka vidole vife ganzi. Leo mtu anafinyafinya mezani, eti naye sonara!"

"Lakini mzee," Kinyozi akasema, "ile pete ina jani, mpaka mishipa yake inaonekana. Wewe mishipa hiyo utaigonga na nyundo gani?"

"Kabandika jani bichi kwenye udongo, basi! Hiyo ni kazi ya jani!"

"Na zako ni kazi ya nyundo," Waziri akadakia. Tukaangua kicheko.

"Chekeni! Udongo ule una vitundu kwa ndani. Halafu motoni unasinyaa!"

"Si ndiyo maana anafinyanga kubwa? Na hivyo vitundu umevijuaje? Umeigonga ile pete?" Waziri akauliza.

"Nani? Mimi?" Akauzamisha mkono zaidi mfukoni.

Mara binti mwenyewe huyo, mbio mbio, hata kiatu hakikufungwa vizuri.

"Shikamooni. Baba, umeiona pete? Niliiacha juu ya fuawe, pale unapogongea. Kesho nitamvisha nini mwenzangu?" Machozi yakamtoka. Ilituuma, kusema kweli.

"Tafuta vizuri," Koleo akajibu bila kumtazama, akapeleka kikombe mdomoni. Kahawa ikammwagikia pajani. Akaruka, mikono yote nje, na kidole cha mwisho cha kulia, kimevimba, kina pete yenye jani.

"Baba!"

"Nilikuwa naijaribu."

"Kidoleni?"

"Nilianza na nyundo. Ikagoma kupasuka. Nikasema niione ikikaa kidoleni. Ikagoma kutoka."

Kinyozi akaleta povu la sabuni. Waziri akavuta, Koleo akapiga yowe. Wapi!

"Mzee, si una ule msumeno wa kukatia pete zilizonasa?" Waziri akauliza. "Kata tu. Udongo si upo? Atafinyanga nyingine jioni."

Koleo akaukumbatia mkono kifuani. "Ikatwe? Umeitazama kazi hii wewe? Umeiona hiyo mishipa? Hata mimi siwezi... Kateni kidole!"

Binti akafuta machozi. "Hata wewe huwezi nini, baba?"

"Vuta, mwanangu. Maneno baadaye."

"Sivuti mpaka umalize."

Koleo akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia.

"Mzee, sema basi!" yule mteja akapiga kelele kutoka ndani. "Mimi nina nusu kichwa huku!"

"Siwezi kutengeneza kama hii," Koleo akasema kwa sauti ndogo. "Haya."

Binti akaizungusha taratibu kwenye povu, akiipuliza kama anapuliza jeraha la mtoto, mpaka ikachomoka. Akambusu baba yake mkono uliojaa sabuni, akaondoka mbio na pete yake.

Koleo akakaa, akipapasa kidole.

"Ila vitundu vimo," akasema.