Mkono Wangu na Upinde Namba Tano

Jumatatu, 6 Mei

Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa banda la klabu. Timu ya mashindano ya Jumamosi na klabu nyingine, watu wanne. Wamo fundi cherehani, mwalimu wa hesabu na yule dada wa posta. Nafasi ya nne: "Itaamuliwa Alhamisi, kati ya Katibu na Kinyozi."

Katibu ni mimi. Mwaka wa saba sasa ni katibu wa klabu hii ya mishale. Kanuni za usalama niliziandika mimi. Ratiba ya kukata nyasi, mimi. Ufunguo wa banda uko mfukoni mwangu. Na Kinyozi ni nani? Mdogo wake mke wangu. Ameshika upinde mara ya kwanza Januari. Januari hii!

Nilimfuata kocha. Ni mkunga mstaafu, sote tunamwita Bibi Mkunga. Nikamuuliza, kwa heshima zote, kama hiyo karatasi ina kosa la uchapaji. Akasema haina. Kosa liko kwenye mkono wangu wa kushoto. Ati naukaba upinde. Ati nikiachia mshale, vidole vyangu vinauzungusha upinde kidogo na mshale unakwenda kushoto. "Mwanangu, kile ni kishikio," akasema. "Si shingo ya kuku."

Watu wakacheka. Shemeji akacheka kuliko wote.

Tatizo ni hili: nimeshamwambia baba mkwe kuwa nimo kwenye timu. Nilimwambia jana mezani, mbele ya ukoo mzima. Anakuja kutazama. Amesema atavaa koti.

Jumanne, 7 Mei

Mazoezi saa kumi na moja jioni. Mishale thelathini. Ishirini na sita kushoto, mitatu kwenye nyasi, mmoja katikati. Nimeandika yote kwenye daftari, pamoja na upepo.

Bibi Mkunga alisimama ubavuni mwangu muda wote kama nakaribia kujifungua. Sukuma kwa nyama ya chini ya kidole gumba. Vidole vilale. Vifundo vya vidole vitazame pembeni, visitazame mbele. Pumua. Achia. Upinde ukitaka kuruka mbele, uache uruke.

Uache uruke! Kitu chenye thamani ile! Nilimwuliza nani ataudaka. Akanionyesha kamba ya kiatu, ya kufunga vidole na kishikio ili upinde usianguke. Nikamjibu kuwa kamba ni za wanagenzi. Basi akasema nijaribu bila kamba, ila nifungue mkono kweli kweli.

Nikaufungua mkono kweli kweli. Upinde ukaniangukia kwenye kidole gumba cha mguu.

Shemeji akaja mbio kunipa pole. Kisha akauliza, "Shemeji, huo upinde umekukosea nini? Jana unaunyonga, leo unautupa." Watu wakajishika mbavu. Yeye mwenyewe anashika upinde kama anashika wembe, kwa ncha za vidole, na mishale inakwenda anakotaka. Hakuna haki.

Nimerudi nyumbani nikichechemea. Mke wangu akanipokea na habari kwamba imebidi amwite jirani kufungua bomba la jikoni nililofunga asubuhi. Jirani ametumia spana. "Hata bomba unalikaba," akasema. Nikamwuliza ameongea na nani. Akasema hajaongea na mtu, ameishi na mimi miaka kumi na minne.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata jibu. Nimelipata kazini, saa nne na dakika ishirini, nikipanga rafu ya tatu.

Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la rangi na vifaa vya magari. Tunauza ile rojo ya kuzibia mabonde kwenye bodi za magari. Unaichanganya na dawa yake, inakuwa laini kama ugali mbichi, na baada ya dakika kumi ni jiwe. Nikalitazama kopo. Kopo likanitazama.

Hoja yangu ni hii. Mkono unakaba kwa sababu kishikio hakiutoshi. Kishikio kikiutosha, mkono utatulia. Kwa hiyo kitengenezwe kishikio chenye umbo la mkono wangu, kila kidole kwenye bonde lake, na habari iishe. Ajabu hakuna aliyewahi kulifikiria.

Upinde namba tano ndio tunaoutumia mimi na shemeji. Klabu haina mwingine wa saizi yetu. Hapo nikaona faida ya pili. Mikono ya shemeji ni myembamba. Vidole vyake havitaingia kwenye mabonde yangu hata akiomba dua. Nilicheka peke yangu mpaka keshia akaniuliza kama niko mzima.

Jioni nikauchukua upinde (ufunguo ninao) nikaenda nao nyumbani. Nikapaka rojo kwenye kishikio, unene wa kidole. Nikajipaka mafuta kiganjani, nikaushika. Nikaisubiri rojo ikauke, dakika kumi kwa saa ya ukutani. Na ili umbo litoke vizuri, nikaubana kwa nguvu zangu zote. Jasho likanitoka. Mke wangu akapita, akatazama, akaenda zake.

Kishikio kimetoka kizuri ajabu. Hata mistari ya kiganja inaonekana.

Alhamisi, 9 Mei

Sitaki kuandika. Ninaandika.

Mishale sita kila mmoja. Nikaanza mimi. Mkono uliingia kwenye kishikio kama mguu kwenye soksi. Nikavuta, nikaachia. Kushoto. Nikavuta tena. Kushoto, palepale. Mishale yote sita ilikaa kushoto pembeni mwa shabaha, imebanana kiasi cha kufunikwa na kisosi.

Bibi Mkunga akaukagua upinde. Akapitisha kidole kwenye mabonde, moja baada ya jingine. Akauliza niliushikaje rojo ilipokuwa inakauka. Nikamwambia ukweli: kwa nguvu. Kisha akasema kwamba kwa miaka arobaini ya kazi yake amewahi kuona watu wakificha makosa yao na wengine wakiyakana, lakini mtu aliyelichukua kosa lake akalimwagia zege, ndiyo mara ya kwanza.

Ikafika zamu ya shemeji. Nilikaa mkao wa kula. Akajaribu kushika, vidole vikagonga matuta. Akageuza mkono hivi, akageuza vile. Haukuingia! Akalalamika kwamba hana pa kushika. Bibi Mkunga akamwambia basi asishike. Aweke tu nyama ya chini ya kidole gumba kwenye kile kitu, asukume, vidole vyote vining'inie.

Akasukuma. Vidole vikaning'inia.

Kumi. Tisa. Kumi. Kumi. Tisa. Kumi.

Nimezihesabu pointi mara mbili. Hajawahi kupiga hivyo maishani mwake. Alinijia amefungua mikono, machozi karibu yamtoke, ananishukuru! "Shemeji, umenitengenezea upinde!" Akanikumbatia mbele ya watu. Nilisimama kama nguzo ya umeme.

Bibi Mkunga akaibandua ile rojo kwa tindo. Ikatoka nzima. Dada wa posta ameiomba, atashikilia nayo mlango.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeandika barua ya kujiuzulu ukatibu. Kurasa tatu. Nimeichana, kwa sababu kanuni ya kumi na moja inasema barua ya kujiuzulu hupokelewa na katibu.

Kwa baba mkwe nifanyeje? Nimefikiria homa. Nimefikiria safari ya kikazi. Mke wangu ananishauri nimwambie ukweli, yule ni mzee, ataelewa. Hamjui baba yake kama mimi ninavyomjua. Siku ya arusi yetu alinitazama mara moja, kutoka kichwani mpaka viatuni, akaguna. Ule mguno nausikia mpaka leo. Na mwanawe wa kiume ndiye aliyechukua nafasi yangu. Watakaa kwenye gari moja, wakirudi, wakinijadili.

Shemeji amepita dukani kwangu kununua msasa. Ameniita mwalimu wake. Nimemuuzia msasa mbovu.

Jumamosi, 11 Mei

Saa mbili asubuhi, Bibi Mkunga kanigongea mlango. Mwalimu wa hesabu ameamka na chokea kwenye jicho la kulia, jicho lenyewe la kulengea, limevimba kama embe bichi. Nafasi ni yangu. Kwa sharti moja: kamba.

Nikataka kubisha. Mke wangu akasema, "Baba yangu ameshatoka nyumbani." Nikanyoosha mkono.

Uwanjani alinifunga mwenyewe, vidole na kishikio, mafundo mawili, kama anafunga kitovu. "Leo huna ruhusa ya kushika chochote," akasema. "Sukuma, achia, upinde uruke, kamba itaudaka." Baba mkwe alikuwa safu ya mbele. Koti la kahawia.

Klabu ile nyingine ni wazuri. Mpaka watu wetu watatu wanamaliza, tulikuwa karibu sawa. Nikabaki mimi wa mwisho, mishale sita.

Wa kwanza: nikalegeza vidole, nikafumba macho nusu, nikasukuma. Upinde ukaruka mbele, roho yangu ikaruka nao, kamba ikaudaka. Tisa. Wa pili, tisa. Wa tatu, kumi. Nane. Tisa. Watu wakaanza kupiga makofi. Shemeji akapiga mluzi. Sikuamini macho yangu.

Mshale wa mwisho. Bibi Mkunga akaninong'oneza kuwa tunahitaji pointi tano tu, nirudie tu nilichofanya. Nikatazama nyuma. Baba mkwe alikuwa amesimama. Amesimama kwa ajili yangu!

Hapo nikajiambia: jambo zito kama hili haliachwi kwa kamba ya kiatu. Nikaukamata upinde.

Mshale ukaenda kushoto. Ukavuka shabaha yetu, ukaingia kwenye shabaha ya jirani, katikati kabisa, kwenye njano. Mwamuzi akaandika sifuri. Tumeshindwa kwa pointi nne.

Mtu mmoja tu alipiga makofi, baba mkwe, ambaye macho yake si kama ya zamani. Akaja akanishika bega. Akasema hakujua kuwa mimi ni mtu wa namna hii. Hakuguna. Shemeji alifungua mdomo amweleze, dada yake akamkanyaga mguu.

Bibi Mkunga alifungua kamba. Alipofika fundo la pili akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini. Nikamjibu kwamba upepo ulibadilika. Akaitazama bendera. Ilikuwa imening'inia kama taulo.

Jumapili, 12 Mei

Sikulala vizuri kwa hasira. Nimekaa na daftari tangu saa moja asubuhi, nimepitia mshale mmoja mmoja, na sasa naona jambo zima wazi. Watu hawa hawajui kusoma takwimu.

Mishale mitano ya kwanza: upinde haukushikwa. Mtu asiyeshika kitu akipata tisa, hiyo ni bahati. Mitano mfululizo ni bahati nyingi. Mshale wa sita: upinde umeshikwa, kwa makusudi, kwa mkono wa mtu mwenye akili zake. Umekwenda wapi? Kwenye njano. Katikati. Kati ya mishale yote sita ndio uliopiga katikati ya katikati, na mzee mzima mwenye koti amelishuhudia hilo kwa macho yake.

Kilichokosewa ni mahali pa kuweka shabaha. Nimeandika kanuni mpya, ya kumi na tisa: shabaha zote zisogezwe mita moja na nusu kushoto. Naibandika kesho kabla Bibi Mkunga hajafika.