Chumba cha Hakimu

Ijumaa, 6 Juni
Tumefika. Hoteli hii zamani ilikuwa mahakama, na hawajabadilisha kitu ila mashuka. Mke wangu nilimwahidi chumba cha hakimu, kusherehekea miaka ishirini ya ndoa. Madirisha mawili, bustani chini. Nikachelewa kuweka nafasi. Tumepewa mahabusu. Dirisha moja, ukubwa wa sahani.

Chumba cha hakimu kakipata mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada yake mke wangu. Nikamuuliza kakipataje. Akasema alipiga simu. Majivuno tu.

Mke wangu kaniambia yamemfika shingoni: uongo mmoja zaidi na anahama chumba. Nimemwelewa. Kwa hiyo huu lazima uwe mzuri.

Jumamosi, 7 Juni
Mzee wa mapokezi alikuwa karani wa mahakama, na kazi hajaiacha. Ukitaka kitu, hata taulo, unaandika ombi nakala tatu, kisha unasimama kizimbani saa tatu asubuhi, wageni wenzako wakinywa chai. Nikaandika kwamba mgongo umekufa ganzi, nahitaji kitanda cha hakimu.

Nikapanda kizimbani nimejikunja. Mambo yalikuwa yananyooka, mama mmoja alishaacha kutafuna kwa huruma. Karani akauliza kama kuna shahidi. Akanyanyuka mke wangu, kikombe mkononi. Akaeleza kuwa jana nilibeba masanduku mawili ya mwanyumba hadi ghorofani, tena mbio, ili aone nani mwanaume. Ombi likatupwa. Aibu hii sina pa kuiweka.

Jumapili, 8 Juni
Leo mke wangu naye kaandika ombi. Mstari mmoja: anaomba kukaa mbali nami. Likakubaliwa kabla chai haijapoa. Yuko juu na dada yake, madirisha yote mawili wazi, nasikia wanavyocheka. Mwanyumba kashushwa kwangu na mto wake.

Mahabusu bila yeye hapakaliki. Naumia, sitanii.

Jumatatu, 9 Juni
Shemeji kashuka na ujumbe. Nipande, nigonge, niseme samahani, nisiongeze neno. Mke wangu atarudi leo leo. Mwanyumba ananisihi niende, na yeye anamtaka mkewe.

Naenda. Ila samahani kavukavu hivi ina uzito gani? Nimechana foronya, mwanyumba ananifunga mkono. Nitasema nimeteleza kwenye ngazi nikimkimbilia. Tumechagua wa kushoto, maana wa kulia nitagongea mlango.