Ng'ombe Niliyempa Kanyamibwa Kabla Dunia Haijaisha

Ijumaa, tarehe 14 Desemba 2012

Dunia inaisha Ijumaa ijayo. Si mimi nasema. Ni Ndayambaje, mwenye pikipiki, ametoka Pinga leo na matope mpaka kwenye nyusi. Huko alisikia redioni kwamba kuna watu wanaitwa Wamaya, mafundi wa kuhesabu siku, na kalenda yao inakatika tarehe 21. Baada ya hapo, hakuna kitu. Nikamuuliza hao Wamaya wanakaa wapi. Akasema unapita Kisangani, kisha unaendelea.

Nimehuzunika dakika kumi hivi. Nina miaka thelathini na tisa na hapa Karuba hakuna hata mtu mmoja anayeapa kwa jina langu.

Niandike vizuri. Kwetu, mtu akikupa ng'ombe, hamumalizani siku hiyo. Kila ukishtuka, kila ukitaka uaminiwe, unaapa kwake: fulani alinipa ng'ombe! Mpaka unazikwa. Kanyamibwa, jirani yangu wa upande wa juu, alimpa Marcellin ng'ombe mwaka juzi. Tangu hapo Marcellin hawezi kujikwaa bila kumtaja Kanyamibwa. Shambani, sokoni, kanisani. Nimechoka na hilo jina.

Jumamosi, tarehe 15

Vestine, mke wangu, ameenda Muheto kumsaidia mama yake kuvuna maharagi. Amemchukua Bibiche, mtoto wetu. Watarudi tarehe 22. Nilimshauri aage watu vizuri. Akasema niachane na mambo ya Ndayambaje, nimkatie Gaju majani, ana mimba na siku zake zimekaribia. Alirudi mara mbili kutoka njiani kunikumbusha hilo la majani.

Gaju njo ng'ombe yetu. Yaani ni ya Vestine. Baba yake alimpa mwaka jana, miezi mitatu kabla ya kufariki.

Wazo limenijia nikikata hayo majani. Nikimpa mtu Gaju wiki hii, ataapa kwa jina langu mpaka Ijumaa. Kisha dunia imeisha, hakuna aliyepoteza. Vestine anarudi tarehe 22, na tarehe 22 haiko. Nani ataniuliza?

Na nimpe nani? Nimecheka peke yangu mpaka Gaju akageuka kuniangalia. Nimpe Kanyamibwa mwenyewe!

Jumatatu, tarehe 17

Imefanyika! Watu walijaa uwanjani. Kanyamibwa alileta kasiksi, pombe ya ndizi, mitungi miwili, kama inavyotakiwa. Nilisema maneno marefu kuhusu ujirani. Marcellin alisimama mdomo wazi.

Nilipomkabidhi kamba, Kanyamibwa aliizungusha mkononi mara mbili. Halafu akasema polepole, wote wakisikia: "Esdras, miaka yote hii nilizani unanichukia. Unisamehe."

Nikaomba waniongeze kasiksi.

Gaju alikataa kupanda njia ya kwa Kanyamibwa. Alizoea kuvutwa na Vestine. Ilibidi wamsukume.

Jumatano, tarehe 19

Siku tamu. Kanyamibwa amejigonga kidole na nyundo: Esdras alinipa ng'ombe! Mvua imemkuta njiani: Esdras alinipa ng'ombe! Mara saba tangu juzi, na hizo ni zile nilizosikia mimi mwenyewe. Nimeanza kupita pita karibu na uzio wake bila sababu.

Marcellin amechanganyikiwa kabisa. Yule anayemwapia, naye anamwapia mwingine. Jana alianza kuapa akaishia katikati.

Boma letu limenyamaza sana. Asubuhi nimekata majani, nikayabeba mpaka mlangoni pa boma, njo nikakumbuka.

Alhamisi, tarehe 20

Siku mbaya. Nimekutana na Claudette, mwalimu wa darasa la sita. Nikamwambia kwa upole kwamba hana haja ya kusahihisha mitihani. Akaniuliza sababu. Nikamweleza Wamaya. Akacheka mpaka akaketi juu ya jiwe.

Anasema Wamaya wako Amerika, si upande wa Kisangani. Anasema hawakutangaza mwisho wa kitu chochote. Hesabu yao ndefu inafika mwisho wa duru, halafu inaanza upya, watu wengine njo walioongeza mambo ya moto na mafuriko. Kisha akaniuliza swali moja: "Papa Esdras, ile kalenda ya parokia iko pa ukuta wako inaisha tarehe ngapi?"

Nikasema tarehe 31.

"Na ya mwaka jana, iliisha tarehe ngapi? Ulikufa?"

Nilirudi nyumbani kuiangalia. Kweli, inaisha tarehe 31. Chini wameandika kwamba mpya iko tayari kwa katekista. Lakini ile ni ya parokia na hii ni ya Wamaya, si sawa. Mungu wangu, isiwe sawa.

Kwa mara ya kwanza nimeomba dunia iishe. Nimeomba nikipiga magoti.

Ijumaa, tarehe 21

Asubuhi. Nimevaa koti la harusi. Niko kwenye kiti mbele ya nyumba.

Saa sita. Mvua kidogo. Nilisimama. Imepita.

Saa kumi. Njaa. Sikupika, niliona ni kazi bure.

Saa kumi na mbili jioni. Dunia iko. Ng'ombe za watu zinarudi kutoka malishoni, kila moja inaingia kwao. Gaju alifika kwenye njia panda yetu akasimama. Akanitazama. Mtoto wa Kanyamibwa akamchapa fimbo, akaendelea kupanda. Nimelia ndani ya koti la harusi. Mimi ni mjinga, na leo sina wa kumtupia lawama.

Jumamosi, tarehe 22

Tarehe 22 iko. Vestine amefika saa tisa, debe la maharagi kichwani, Bibiche mkononi. Hakuingia nyumbani kwanza. Alienda bomani.

Akauliza Gaju iko wapi. Nikaanza na Wamaya. Nilieleza vizuri, hata Amerika niliitia ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, debe bado kichwani. Kisha akasema:

"Papa Bibiche, wakati tulikimbia vita mwezi uliopita, mimi nilivuta Gaju kwa kamba mpaka Sake, na mutoto mugongoni. Nilimurudisha kwa kamba. Wewe ulibeba nini?"

Nilibeba redio. Anajua nilibeba redio.

Vestine ameweka chakula changu nje ya mlango, akafunga.

Jumapili, tarehe 23

Kanisani watu wamenipa mkono mpaka bega linauma. Wananiita mwenye moyo. Vestine alikuwa amesimama karibu yangu, macho chini.

Nimeshindwa kuvumilia. Baada ya misa nimeenda kwa Kanyamibwa kujaribu akili. Kudai ng'ombe uliyempa mtu, hapana, hiyo ni aibu ya kuhama nayo kijiji. Lakini yeye akimrudisha mwenyewe? Nikamwambia kwa siri kwamba Gaju anapiga mateke, anaogopa ndoo, na ukoo wake maziwa hukatika mapema. Nikasema sitakasirika akimkataa.

Alinishika bega. Akasema mtu anayemwambia mwenzake kasoro za ng'ombe aliyekwisha kumpa, huyo ni mtu wa kweli, na Gaju atakaa naye mpaka uzee. Halafu akaita mke wake aje asikie. Esdras alinipa ng'ombe!

Kila akilitaja jina langu sasa, napita njia nyingine.

Jumatatu, tarehe 24

Gaju amezaa alfajiri. Jike. Ana baka jeupe kwenye paji la uso. Habari zimeteremka kilima kabla ya jua kutoka. Vestine alikuwa anachambua maharagi. Aliacha mikono ndani ya ungo, akakaa hivyo. Nilitaka kusema pole. Nimesema mvua itanyesha.

Alhamisi, tarehe 27

Kanyamibwa amekuja na maziwa ya kwanza. Mimi nilitoa kiti. Hakunitazama mimi, alimtazama Vestine.

Akasema amesikia Gaju ilitoka kwa nani. Akasema kumrudisha hawezi, maana atamwaibisha mume wake mbele ya watu wote. Lakini desturi inamruhusu aliyepewa kurudisha ndama. "Huyu mutoto wa Gaju ni yako, Mama Bibiche. Akiacha kunyonya, mwezi wa sita, nitamuteremusha mimi mwenyewe."

Vestine alijifunika uso na kitenge. Kisha akacheka, huku analia. Siku tano sikuisikia hiyo sauti. Jioni nimekula mezani, nyumbani mwangu, na yeye amenipakulia mara mbili.

Sistahili hata kijiko. Nimeapa sitamsikiliza tena Ndayambaje. Kwanza sina wa kuapa kwa jina lake, lakini nimeapa.

Jumapili, tarehe 30

Ndayambaje ametoka Pinga.

Nilimwambia sitaki kumsikiliza. Akaongea, nikawa nimesimama pale pale. Kumbe kuna kosa la hesabu! Waliosoma kalenda ya Wamaya waliruka miezi. Tarehe ya kweli ni Mei 2013, na huko Pinga hata mwuza mafuta anajua. Nilimletea hoja ya Claudette. Akasema Claudette anafundisha darasa la sita, haya ni ya juu zaidi.

Nimefikiri kwa makini, si kama mara ya kwanza. Mei ni mwezi wa tano. Ndama anaacha kunyonya mwezi wa sita. Kwa hiyo ndama huyo hawezi kufika hapa kwa njia yoyote ile, na kwa nini nimnyime mwenzangu ng'ombe asiyekuja? Na Ndayambaje si Kanyamibwa wa kukaa kilimani. Anafika Muheto, Sake, Pinga. Jina langu litapanda pikipiki.

Nimempa ndama. Kwa mdomo tu, mbele ya watu wanne. Ameondoka akiapa kwa jina langu mpaka kwenye kona.

Vestine yuko jikoni, anaimba. Ameniita nimsaidie kuchagua: ndama aitwe jina la mama yake ao la marehemu nyanya yake. Nimesema achague mwenyewe. Sijamwambia. Mei si mbali, nitanyamaza mpaka hapo.