Malkia Wanne kwa Karanga Tatu

Masjala ya Idara,
Dodoma.
30 Juni 1994, saa tano asubuhi.

Katibu,
Klabu ya Watumishi,
Ipagala.

K.K. Mweka Hazina wa Klabu. Hapana, yeye ni mmoja wa ninaowalalamikia. Barua hii inakuja kwako moja kwa moja.

Ndugu Katibu Wambura,

YAH: UOGA ULIOKITHIRI KWENYE MEZA YA KARATA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima na vumbi la upepo huu wa Juni halijakuharibia tena kifua.

Mimi ni mwanachama wako wa mwaka wa sita na karani mwandamizi wa masjala. Kila barua ya idara hii, ya kupanda cheo au ya kufiwa, hupita mkononi mwangu kwanza. Kwa hiyo najua malalamiko yanavyoandikwa, na najua pia yanakotupwa. Haya naomba yasitupwe.

Utakumbuka kwamba Novemba iliyopita niliiletea klabu mchezo wa pokeri, niliofundishwa na mtaalamu mmoja wa visima tulipokaa naye kambi moja kule Chemba. Kabla ya hapo mlikuwa mnacheza bao na kusengenya wakubwa. Mchezo ni mwepesi. Kila mtu anaweka karanga moja katikati ya meza, anagawiwa karata tano, kisha mwenye moyo anaongeza dau. Asiye na moyo anatupa karata zake na kuiacha karanga yake palepale. Ukibaki peke yako unazoa zote, hata kama mkononi umeshika takataka. Tunatumia karanga kwa sababu katiba ya klabu inakataza kamari ya fedha. Yaani, Ndugu Katibu, kitu kinachohatarishwa pale mezani ni karanga. Naomba ulishike neno hilo unapoendelea kusoma.

Kila Jumamosi mchana tunakaa wanne: mimi, Mzee Zaidi mweka hazina wako, Obadia wa bohari, na Mama Zipora mpiga chapa. Hao watatu ndio nawashitaki, kama ifuatavyo.

1. Jumamosi ya pili ya Februari niligawiwa malkia wanne. Sijui kama unaelewa uzito wa jambo hilo. Yule mtaalamu wa visima alicheza miaka ishirini na mitano na aliwapata mara mbili tu. Nilijikaza, nikakunja uso kama mtu mwenye jino bovu, nikaongeza karanga mbili. Mbili tu, Ndugu Katibu. Obadia akatupa. Mzee Zaidi akatupa. Mama Zipora akaangalia karata zake, akaziweka chini polepole, akaendelea kufuma kitambaa chake. Nikabaki peke yangu na malkia wanne na karanga tatu za watu, moja ikiwa imeoza. Nauliza klabu: mtu akinyimwa haki yake kwa sababu wenzake wameogopa, hajaibiwa?

2. Obadia anakula dau. Simsingizii. Anapewa karanga hamsini kama sisi sote, na kabla ya mzunguko wa tatu amekwisha kutafuna ishirini. Nilipomhoji alijibu kwamba karanga iliyo tumboni haiwezi kushindwa. Huyu ndiye mtu aliyekabidhiwa bohari ya serikali.

3. Mzee Zaidi ni mkubwa kwangu na shikamoo yake nampa kila siku, lakini heshima isinizuie kusema kweli. Siku aliyopata wafalme watatu aliomba ruhusa ya kuongeza dau kwa nusu karanga. Akaipasua kwa kidole, akasogeza nusu moja, na ile nyingine akaifunika kwa kofia. Tena kila dau lake huliandika kwanza kwa penseli nyuma ya paketi ya sigara, ili akibadili nia afute. Nilipomcheka alinipa methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sawa. Lakini mtu anayeishi maisha yake kwa penseli asishangae siku moja akikuta amefutika.

4. Sasa nafika kwa Mama Zipora, na hapa naomba usome ukiwa umekaa. Mtaalamu wa visima alinipa dawa mbili za waoga. Ya kwanza, mwoga mpige mkwara kila wakati, hata kama huna kitu, atakimbia. Ya pili, siku mwoga akikufuata, kimbia wewe, maana hakuja mikono mitupu. Dawa ya kwanza niliitumia tangu Novemba na ilifanya kazi mpaka nikaona aibu. Niliwapiga mkwara nikiwa na mbili ya uru. Niliwapiga mkwara bila hata kufunua karata zangu. Wakakimbia wote, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nikawa na karanga mia na sitini kwenye kopo la maziwa, na jina la mbabe wa meza.

Ndipo ikaja tarehe 18 ya mwezi huu. Nilikuwa na saba ya pau na wenzake wanne wasiojuana. Nikaongeza dau kama kawaida, huku nikiwaeleza, kwa mara ya ishirini hivi, mpango wangu wa mashine ya kusaga kule Zuzu. Obadia akatupa, Mzee Zaidi akatupa. Mama Zipora akaiweka sindano yake ya kufumia juu ya meza. Hajawahi kuiweka chini tangu Novemba. Akasema kwa sauti ileile ya kuombea chumvi kwamba leo anafuata, na anaongeza, na kama kaka Ambokile hana neno basi aweke kopo lote.

Dawa ya pili niliijua. Niliijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini utakimbiaje mbele ya mtu uliyemcheka miezi minane? Nikasukuma kopo. Akafunua karata nne za kumi. Hakucheka. Alizihamishia karanga zangu kwenye kikapu chake, akaokota sindano, akaendelea kufuma. Mama Zipora nimemzidi miaka kumi na mmoja na hunianza yeye kwa shikamoo kila tunapokutana. Adabu anayo, hilo sikatai. Lakini kukaa kimya tangu Novemba hadi Juni ukingojea karata zako zikamilike si kucheza, ni kuotea, kama paka mbele ya tundu la panya. Namlalamikia kwa uoga kabla ya siku ile, na kwa ukatili siku yenyewe.

5. Lingekuwa jambo la karanga tu, nisingekusumbua. Lakini ninyi mnaona nchi inavyokwenda. Biashara zimefunguliwa, watu wanauza mitumba hadi milangoni mwa ofisi, walioachishwa viwandani wana magari ya mizigo. Serikali imetuletea fomu ya kupunguzwa kazi kwa hiari: ujaze, uchukue kiinua mgongo, ukaanze yako. Mwisho wa kuzipokea ni leo saa tisa na nusu alasiri. Je, meza yangu imefanyaje? Obadia amesema atangoja aone wenzake. Mzee Zaidi amesema ataandika kwanza kuuliza kama anaruhusiwa kuomba. Mama Zipora hakusema kitu, jambo ambalo ndilo husema siku zote. Watu hawa wamezoea kutupa karata kwenye karanga, sasa wanatupa karata kwenye maisha.

Mimi msimamo wangu unajulikana. Kila Jumamosi nimeutangaza: nikiipata fomu naisaini siku hiyohiyo. Kiwanja nimekichagua, nyuma ya stesheni ya Zuzu, ambako akina mama wanabeba mtama na uwele kichwani hadi mjini kutafuta mashine. Bei ya injini ninayo. Fundi wa mlango nimekwisha kuzungumza naye. Hata siku ya kufungua nimeichagua, Jumatatu, maana Jumapili watu wanasali na Jumamosi kuna karata. Mke wangu Marselina ananiuliza kila asubuhi kama leo ndiyo leo, nami humjibu kwamba mtu jasiri hana haja ya pupa.

Kwa hayo yote naomba klabu ipitishe kanuni zifuatazo. Kwanza, mwanachama akitupa karata mara mbili mfululizo, mara ya tatu alazimishwe kubaki mezani, awe nacho au asiwe nacho. Pili, kutafuna dau kuhesabiwe kuwa wizi wa mali ya klabu. Tatu, nusu karanga isipokewe. Nne, atakayerudia makosa haya, jina lake lipelekwe kwenye kamati ya kupunguza watumishi, ili apunguzwe kwa lazima yeye ambaye hakuwa na moyo wa kupunguzwa kwa hiari. Taifa halina nafasi ya kumlipa mtu mshahara kwa kazi ya kuogopa.

Nisalimie shemeji yangu hapo nyumbani na watoto, mwambie Mwanasha wa kantini chai yake ya Jumatatu ilikuwa nzuri, na wasalimie wanachama wote, hata hao watatu.

Wako katika kulijenga taifa ambalo halitajengwa kwa kutupa karata,

Batholomeo Ambokile,
Karani Mwandamizi, Masjala.

Nyongeza, saa tisa na robo alasiri.

Ndugu Katibu, nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha. Nimeifungua.

Saa nane Mama Zipora alipita hapa masjala na kifuko cha karanga za kukaanga. Alisema amekuja kuaga. Fomu yake aliirudisha Ijumaa ya tarehe 17, siku moja kabla ya zile karata nne za kumi. Nikamwambia haiwezekani, kila kitu kinapita kwangu. Akaniomba nitazame kitabu. Nimetazama. Bahasha ya siri, imepokelewa tarehe 17 Juni, na muhuri nimeugonga kwa mkono wangu mwenyewe.

Mashine anafungua Jumatatu. Iko nyuma ya stesheni ya Zuzu. Fundi wa mlango ni yuleyule. Alinishukuru, Ndugu Katibu, na hakuwa akinikejeli. Alisema asingejua hata pa kuanzia kama nisingekuwa naeleza vizuri vile kila Jumamosi, bei na yote.

Fomu yangu iko kwenye droo, chini ya kidau cha wino. Iko hapo tangu Machi. Nimejaza jina na namba ya jalada, kwa penseli.

Kwa hiyo maombi yangu ya kwanza hadi ya nne naomba uyafute. Hasa la nne. Na barua hii usiisome mbele ya wanachama. Kama ni lazima, sema imetoka kwa mtu wa idara nyingine. Nafasi yangu ya Jumamosi naomba ibaki, ila safari hii nianze na karanga kumi tu, hamsini ni nyingi.

Sasa ni saa tisa na dakika ishirini na nane. Mhudumu ameanza kufunga madirisha upande ule wa uhasibu, na mimi bado nimekaa.

Ukipita Zuzu ukamwona Mama Zipora, mwambie Ambokile anampa shikamoo.