Mlezi wa Soko Huria

Suruali ya Thomasi wa Ngulyati ilichanika mchana kweupe, mbele ya mizani ya pamba, na ilichanika mahali ambapo mtu mzima hapendi upepo umpulize. Aliyeichana alikuwa mbwa mwekundu mwenye kichwa kama kinu, jina lake Soko Huria. Thomasi hakupiga kelele. Alijifunga kanga ya mkewe kiunoni, akarudisha marobota yake kwenye mkokoteni, akawageuza ng'ombe, akavuka barabara kwenda kuuza kwa mnunuzi wa upande wa pili.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo, wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi kama kumbikumbi baada ya mvua. Mkulima aliyezoea kusubiri malipo ya chama cha ushirika mpaka viatu vinaota ukungu, sasa aliitwa bosi, akavutwa mkono huku na huku, akapewa na soda. Mama Klementina, mjane mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alikuwa mmoja wa wanunuzi hao. Mbwa wake alimpa jina hilo kwa sababu, alisema, anauma tajiri na maskini bila kubagua.

Kwenye mgahawa wa jirani, kijana mmoja aliyevaa koti la mtumba lenye vifungo vya kung'aa alikuwa ameinua andazi, akaliacha hewani.

"Mama mdogo," akasema, "umeona?"

"Nimeona," akajibu Esteria mwenye mgahawa, akifuta meza. "Suruali imechanika."

"Hapana. Mimi nimeona mtamba."

Huyo ndiye Constantine. Bila kumsengenya, tuseme tu kwamba hakuwahi kufanya kazi ya kumtoa jasho isipokuwa kukimbia. Aliwahi kuwauzia wazee wa Maswa miwani isiyo na vioo, akiwaambia ni ya kupitisha hewa machoni. Sasa alikuwa akilala kwenye stoo ya mama yake mdogo, kati ya gunia la michembe ya viazi vikavu na ndoo ya mafuta ya taa. Alichokitaka duniani ni kimoja: mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, mzima, wa kumpeleka mnadani, apate nauli na mtaji, akafungue duka la kaseti Mwanza na asilale tena kwenye stoo ya mtu.

Alimeza andazi, akafunga vifungo vyote, akavuka.

"Mwadila, mayu," akamwamkia mama yule kwa Kisukuma.

"Mwadila," Mama Klementina akajibu bila kuinua macho. "Kama unauza, sinunui. Kama unaomba, sina. Kama una pamba, weka kwenye mizani."

"Mimi ni mlezi wa mbwa. Ujira wangu ni mtamba mmoja."

Wapakiaji wakaacha kupakia. Mama Klementina akainua macho.

"Wa kufundisha yupo Mabula," akasema. "Nilikwenda kwake juzi. Anatumia fimbo na pilipili. Mbwa wake wametulia kweli, lakini ni utulivu wa mtu anayeona mdai wake anakuja. Mmoja alinitazama mpaka nikataka kumwomba radhi. Nikarudi na wangu."

"Umefanya jambo la busara, mayu! Mimi sipigi. Kwangu mbwa analelewa."

"Akikosea?"

"Namgeuzia mgongo. Mbwa akigeuziwa mgongo huumia rohoni kuliko kwa fimbo."

"Marehemu mume wangu alinigeuzia mgongo miaka mingi. Mimi niliona nafuu." Wapakiaji wakacheka. "Analala wapi?"

"Ndani. Kwenye godoro."

"Anakula nini?"

"Ninachokula mimi."

Mama Klementina akamtazama Constantine alivyokonda, kuanzia shingoni hadi kwenye viatu. "Hapo ndipo panaponitia wasiwasi. Twende nikaone."

Yafaa ieleweke kwamba wanunuzi wa pamba wana tabia yao. Hawaamini kilicho juu ya gunia. Huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, maana wakulima nao si malaika, chini ya pamba nyeupe huweka mchanga, na mwenye roho ngumu huweka jiwe. Mama Klementina alipofika kwa Esteria alikagua vivyo hivyo. Constantine alimwonyesha chumba cha mama yake mdogo kana kwamba kilijengwa kwa ajili ya mbwa tangu msingi. Mama yule akainama, akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa kifurushi cha sukari.

"Hii ya nani?"

"Ya mbwa, mayu," Constantine akasema bila kupepesa. "Ya chai ya jioni."

Esteria, aliyeficha sukari yake huko ili huyo huyo mpwa asiione, alikohoa mpaka akashika ukuta.

Mama Klementina akarudisha sukari mahali pake. "Sawa. Nitakukabidhi kama ninavyokabidhi ng'ombe. Sikiliza, na Esteria awe shahidi. Ukimrudisha mbwa wangu akiwa haumi watu, mtamba wangu mwekundu ni wako. Akifa kwa mapenzi ya Mungu, unaniletea ngozi, na mtamba unapata vilevile, maana mlezi hawezi kugombana na kifo. Lakini akitoweka na ngozi isionekane, tutatafutana."

"Wabeja, mayu, wabeja sana!" Constantine akashukuru.

Mama yule alipoondoka, Esteria alimshika mpwa wake sikio. "Wewe mtoto, mimi nitalala wapi?"

"Stoo, mama mdogo. Pana hewa nzuri, mimi mwenyewe shahidi."

Constantine alidhani kazi imekwisha hapo. Angemfunga mbwa nyuma ya choo, amtupie makombo, asubiri. Hakumjua Mama Klementina. Yule mama alikuja bila hodi wakati wa uji. Akaja wakati wa ugali. Akaja alfajiri na mapema, akamkuta Constantine sakafuni na mbwa kitandani, akauliza kwa upole kwa nini mlezi hayupo karibu na mgonjwa wake. Tangu siku hiyo wakalala wawili kwenye godoro moja, mbwa upande wa ukutani. Wakala sahani moja. Mbwa akinguruma, Constantine humgeuzia mgongo, si kwa elimu, bali kwa kuogopa kuumwa usoni. Kidogo kidogo mbwa akaacha kunguruma. Akaanza kuweka kidevu chake juu ya tumbo la Constantine na kuhema kama mzee aliyestaafu. Constantine alipokwenda chooni, mbwa alikaa nje ya mlango akimsubiri.

"Mmefanana," Esteria akasema. "Ila yeye ana shukrani."

Mambo yangeishia hapo kwa amani, mtamba angepatikana kwa haki, na hadithi isingekuwepo. Lakini siku moja Masele, mfugaji wa Nkololo, aliingia kunywa chai na baiskeli yake mpya, ameiegesha mlangoni ili watu wajikwae nayo na kuisifu. Akamwona mbwa amekaa kando ya benchi, mkubwa kama ndama, mpole kama katekista.

"Huyu wa nani?"

"Mimi ndiye ninayeishi naye," Constantine akasema, na hilo halikuwa uongo.

"Fisi wananimaliza mbuzi. Niuzie."

"Huyu hauzwi. Huyu ni ndugu."

"Nakupa baiskeli."

Constantine akatazama baiskeli. Ikang'aa. Ndipo akili yake ikafanya hesabu ambayo mtu mwaminifu asingeifanya hata kwa homa. Mbwa akiuzwa, kuna baiskeli. Mbwa akifa, kuna mtamba. Kumbe mbwa mmoja anaweza kufa na kuuzwa kwa pamoja! Kinachotakiwa ni ngozi tu, na ngozi nyekundu haikosekani mahali wanapochinja mbuzi.

"Ndugu," akasema huku akifungua kamba, "mtunze vizuri. Ukimkosea, usimpige. Mgeuzie mgongo."

Masele akamvuta mbwa kwenda Nkololo. Mbwa aligeuka nyuma njia nzima.

Siku ya pili Constantine alifika kwenye mizani ya Mama Klementina akiwa amevua kofia, na kwapani amebeba ngozi ya mbuzi mwekundu, kichwa na miguu vimekatwa. Alikuwa amekata kitunguu njiani, akakisogeza machoni kwa kiasi.

"Mayu," akasema. "Ametutoka."

Kazi zote zikasimama. Mpakiaji mmoja akavua kofia, halafu akakumbuka kwamba huyo mbwa alimng'ata kisigino, akaivaa tena.

"Ilikuwaje?" Mama Klementina akauliza.

"Usingizini. Juu ya godoro. Alikula ugali, akanitazama, akalala moja kwa moja. Kama padre."

Mama Klementina akachukua ngozi, akaipapasa. "Imekuwa nyembamba."

"Majonzi, mayu. Alikuwa akikukumbuka."

"Na manyoya mbona marefu hivi?"

"Sukari."

"Mkia uko wapi?"

"Nimeuzika. Nisingevumilia kuuona."

Mama Klementina aliketi juu ya gunia. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na hakuwa amekata kitunguu chochote. Alimpenda mbwa yule. Marehemu mumewe ndiye aliyemletea, angali mtoto wa kuenea kwenye kapu. Akaikunja ngozi mapajani mwake. "Basi," akasema. "Neno ni neno. Mfungulieni huyu mtamba wake."

Constantine akashika kamba ya mtamba. Alikuwa mnene, mwekundu, ngozi inateleza. Akaanza kusikia muziki wa kaseti za duka lake. Akapiga hatua ya kwanza kwenda Mwanza.

Ndipo kitu chekundu kikatokea barabara ya Nkololo, kipande cha kamba iliyotafunwa kikiburuzika shingoni, vumbi limejaa mpaka kwenye kope. Soko Huria alipita mizani, akapita wapakiaji waliokwisha kupanda juu ya marobota, akapita hata Mama Klementina mwenyewe, akamrukia Constantine kifuani na kumlamba uso wote, kitunguu na vyote. Alipochoka kulamba akahisi njaa, maana safari ilikuwa ndefu. Akanusa. Akachomoa ngozi mapajani mwa Mama Klementina, akajilaza juu ya viatu vya Constantine, akaanza kula.

Marehemu akawa anajitafuna ngozi mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Ilisikika tu ile sauti ya meno.

"Mayu!" Constantine akapaza sauti, mikono juu. "Amefufuka!"

"Haleluya," Mama Klementina akajibu, sauti kavu kama pamba ya Septemba.

Masele naye akatokea kwa miguu, anahema, jasho linamtiririka. "Mbwa wangu! Amekata kamba! Nimemfuata tangu Nkololo!"

"Wako tangu lini?"

"Jana! Nilimpa huyu baiskeli!"

"Kachukue baiskeli yako kwa Esteria, baba. Na siku nyingine ukiuziwa mbwa, uliza kwanza mama yake ni nani." Akamgeukia Constantine. "Wewe, kakae nyuma ya ghala."

Constantine akaenda. Papo hapo Soko Huria akainua kichwa, akanguruma, na mpakiaji aliyekuwa ameanza kushuka akapanda tena.

"Rudi."

Constantine akarudi. Mbwa akatulia, akaendelea na chakula chake. Mkulima mmoja aliyekuwa amejificha nyuma ya mkokoteni akapita karibu, akamkanyaga mkia kwa bahati mbaya. Mbwa akamtazama Constantine, akapiga miayo.

"Kumbe ulezi wako unafanya kazi," Mama Klementina akasema taratibu. "Ila umemfundisha kukupenda wewe."

Mwongo wa kweli hakosi ujasiri. "Basi mayu, kama kazi imefanyika, mtamba..."

"Mtamba tulipatana kwa mbwa au kwa ngozi. Mbwa hukumrudisha, amejirudisha. Ngozi ameila." Akachukua kamba mkononi mwa Constantine. "Sasa chagua. Kamanda wa sungusungu ni shemeji yangu, na hapendi kabisa habari za ngozi za uongo. Nimwite, au utakaa hapa getini na mwenzako mpaka msimu uishe?"

Constantine akatazama huku na huku. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, hawakuwa watu wa kusikiliza hadithi za miwani.

"Getini pana kivuli?" akauliza.

Hivyo ndivyo Mama Klementina alivyopata pamba nyingi kuliko wote msimu ule. Wakulima waliingia bila hofu, mlangoni wanapokewa na kijana mwenye ulimi wa asali aliyewaamkia kwa Kisukuma, akasifu ng'ombe wao na kuulizia wajukuu. Hata Thomasi alirudi, na suruali mpya. Mama Klementina alikuwa akiingiza mkono kwenye magunia huku akitabasamu peke yake.

Constantine alivumilia mpaka asubuhi moja lori la pamba lilipopita likielekea Mwanza. Mbwa alikuwa amezama kwenye bakuli la maziwa. Constantine akaruka juu ya marobota, akajilaza kati ya abiria wengine wa kubahatisha, akavuta koti mpaka masikioni. Nyumba za mji zikaanza kurudi nyuma.

"He!" mama mmoja mwenye kuku akasema. "Yule mbwa ana nini?"

Soko Huria alikuwa akikimbia nyuma ya lori, maziwa kwenye ndevu, akilia kwa sauti ya kuhuzunisha hata kuku. Lori likaongeza mwendo, naye akaongeza. Utingo akagonga bodi, dereva akasimama, akatoa kichwa dirishani.

"Nani mwenye mtoto huyu?"

Abiria wote wakamtazama mwenye koti la vifungo.

"Simjui," Constantine akasema.

Mbwa aliposikia sauti hiyo akaanza kurukaruka pale chini kwa furaha, akianguka na kuinuka, mpaka yule mama mwenye kuku akafuta machozi. "Wewe kaka una roho ngumu. Shuka!"

"Shuka!" wengine wakasema. "Huna haya!"

Alishushwa, kwa kusaidiwa. Lori likaondoka, vumbi likatua, wakabaki wawili barabarani. Constantine akatazama njia ya Mwanza kwa muda, akakung'uta koti.

"Tangulia basi," akamwambia mbwa.

Mbwa hakutangulia. Alizunguka akakaa nyuma yake, akamgusa kidogo kisiginoni kwa pua, jinsi mbwa wa machungani anavyomrudisha ndama mtoro; na wakaenda hivyo, mmoja mbele na mwingine nyuma, mpaka getini.